Sura ya Tisa: Chaki ya Njano

Saa nane na dakika kumi mchana, barafu ilikuwa imebaki vipande viwili, kila kimoja kama sabuni ya kuogea inayokaribia kwisha.

Sindano aliviona kwa macho yake, kwa kuwa alimbembeleza mtunza stoo wa vielelezo mpaka mzee yule akamfungulia kabati kwa dakika moja, na kwa sharti asiguse kitu. Ilikuwa chupa ya chai yenye mdomo mpana. Ndani mlikuwa na maji ya baridi, vile vipande viwili, na mfuko wa plastiki wenye vichupa sita vya dawa. Ubavuni mwa kila kichupa palikuwa na duara dogo la zambarau, na katikati ya duara kidoa. Barua ya daktari ilieleza kwa maneno ambayo hata mpelelezi angeyaelewa: kidoa kikiwa cheupe, dawa ni nzima, kikikolea kikafanana na duara lake, dawa imekufa kwa joto na imwagwe.

Vidoa havikuwa vyeupe tena. Vilikuwa na rangi ya majivu.

"Muda umekwisha," mtunza stoo akasema, akazungusha ufunguo.

"Mzee wangu, nitolee dawa peke yake. Dhahabu ibaki, begi libaki, nguo zibaki."

"Begi na vilivyomo ni kielelezo kimoja. Hakitoki kitu bila fomu, na fomu haipiti bila saini mbili: yako wewe mpelelezi, na ya afisa aliyeandika maelezo ya mtuhumiwa. Na usiniletee fomu yenye nafasi wazi. Asubuhi nimemrudisha mtu kwa mstari mmoja tu. Mimi hata mke wangu akiniandikia ujumbe wa kununua chumvi, namwambia aweke tarehe."

"Kuna mtoto hospitalini."

"Nimesikia, mwanangu. Basi nenda mbio."

Jina la Sindano hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa kiwanja cha ndege, kwa sababu swali lake huingia kimyakimya na maumivu yakafuata baadaye. Siku hiyo jina lilikuwa limezaa kichekesho ambacho hakikumchekesha mtu. Mwanamke aliyezuiliwa forodhani alishinda akilia, "Sindano zangu! Jamani, sindano zangu!" Askari wa mlangoni akadhani anamtaka mpelelezi, akaenda kumwita. Ilikuwa saa sita. Mwanamke alikuwa ameshakaa chumba cha mahojiano saa tatu nzima.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Ndege ilitua saa mbili asubuhi. Ilipofika saa tatu, begi la bluu likafunguliwa kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi wa kike, mgeni kazini, wiki yake ya tatu, alizimwaga nguo zote, akalinyanyua tupu, akaona bado lina uzito. Chini ya bitana palikuwa na vibamba ishirini vya dhahabu, vyembamba kama biskuti. Mwenye begi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kitinda mimba wake, binti wa miaka sita, alikuwa amelazwa upande wa pili wa mji, damu haigandi, na dawa yake haipatikani nchi nzima. Mama alivuka mpaka kuifuata. Daktari alisema sindano ya kwanza iingie kabla ya saa kumi jioni, la sivyo wasimlaumu.

Sindano alirudi chumba cha mahojiano. Mwalimu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, kama anayesimamia mtihani. Mbele yake palikuwa na sinia ya plastiki yenye vitu vyake: pete, saa, na simu iliyokuwa ikitetemeka na kuzunguka polepole. Kwenye kioo cha simu paliandikwa "Baba yao". Ilinyamaza. Ikaanza tena.

"Dada, nikubalie nipokee."

"Bado, mama. Ukipokea kabla sijamaliza, wataniondoa kwenye kesi hii na utabaki peke yako. Nijibu upesi upesi." Sindano akaibana kwapani bahasha ya pasi ya kusafiria, bado imefungwa kwa gundi, akafunua karatasi ya maelezo. "Hapa pameandikwa: 'Begi nimelifunga mwenyewe.' Ni maneno yako?"

"Ndiyo."

"Ulilifungaje?"

Mwalimu akamtazama kama mtoto aliyeuliza mbili na mbili ni ngapi. "Kwa kulikalia. Lilikuwa limejaa. Nikapanda juu, nikavuta zipu."

"Na aliyevipanga vitu ni nani?"

"Shemeji. Mdogo wake mume wangu. Nilifikia kwake wiki mbili nikisubiri dawa."

Sindano akaweka kalamu chini. "Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa. Yule kaka mwenye kucheka aliniuliza, ulilifunga mwenyewe? Nikasema ndiyo. Hata wanafunzi wangu nawafundisha hivyo, jibu ulichoulizwa."

Basi neno moja ndilo lililomweka pale. Kufunga mzigo ni kuuandaa tangu soksi ya kwanza. Kufunga begi ni kuvuta zipu. Mwalimu alikiri zipu, karatasi ikambebesha dhahabu. Mtu aliyeandika alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuandika maelezo ya wasafiri, na tofauti ya maneno hayo aliijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

"Begi la nani?"

"Alinipa yeye. Langu zipu ilikatika siku ya mwisho. Akatoka mbio akaniletea hili jipya. Nikashangaa, dada. Miaka kumi na moja hajaninunulia hata leso. Nikasema, kumbe ugonjwa wa mtoto umemlainisha."

Kikulacho ki nguoni mwako, Sindano akawaza, lakini hakuwa na muda wa methali. Shemeji mmoja ng'ambo hatoshi. Mtu hafichi dhahabu kwenye begi la mwanamke asiyejua kitu bila kuwa na mwenzake wa kulipitisha huku.

"Lebo ya ndege iko wapi? Hapa pameandikwa hakuna."

"Niliichana palepale kwenye mkanda wa mizigo nikaitupa pipani. Nilidhani kazi yake imekwisha. Sipendi mzigo wenye makaratasi."

Sindano aliandika hilo. Mapipa yalikwishamwagwa tangu saa nne. Akainua macho, na macho yakaangukia pale yalipoangukia tangu saa sita bila kuona kitu: pindo la mtandio wa mwanamke yule, lenye vumbi la njano. Alipouona mara ya kwanza alijiambia, mwalimu na chaki, muuza mkaa na masizi. Akapita. Sasa akajiona mjinga.

"Mama, una wiki mbili hujaingia darasani."

"Tatu. Shule zimefungwa."

"Na mtandio huu?"

"Mpya. Nimeununua huko juzi."

"Chaki imetoka wapi?"

"Kwenye begi! Lilipotokea kwenye mkanda lilikuwa limechafuliwa ubavuni. Nikalifuta. Mkono wangu ukiona chaki hauniulizi, unafuta wenyewe."

"Ulikuwa uchafu tu, au alama?"

"Alama ya vema. Kama ninazowawekea watoto."

"Halafu?"

"Nikaenda langoni. Askari akasema begi halina alama, rudi mezani. Nikarudi, nikapanga foleni iliyokuwa fupi, kwa yule binti. Nilikuwa na haraka."

Sindano akasimama. Nyuma ya ukuta wa mkanda, kabla abiria hajaliona begi lake, maafisa wa forodha hupita kati ya mizigo wakiwa na chaki. Kosa, lifunguliwe. Vema, lipite. Lisilo na alama hurudishwa mezani. Kila afisa ana rangi yake, ili ikitokea aibu ijulikane ni ya nani. Begi lile lilikuwa limewekewa vema. Lilikuwa limeshapita. Dhahabu ilikuwa na hatua thelathini tu kufika barabarani, ambako bila shaka mtu mkarimu angejitolea kumsaidia mama mzigo. Na mwalimu akaifuta alama kwa pindo la mtandio, kwa kuwa hapendi uchafu.

Mwenye kujua thamani ya vema ile angelibeba begi kama anabeba yai. Aliyeifuta hakujua kitu. Lilikuwa jambo la kumtoa mwanamke yule mbele ya hakimu yeyote mwenye akili, na ushahidi wake wote ulikuwa vumbi linaloweza kupeperushwa na feni.

"Usiguse pindo hilo," akasema, akatoka.

Daftari la zamu lilikuwa limening'inia kwa kamba karibu na mkanda. Ndege ya saa mbili: chaki nyeupe, chaki ya bluu. Njano haikuwepo. Mwenye njano aliandikwa kuingia kazini saa nne. Na mwenye njano hakuhitaji kutafutwa, kwa sababu mfuko wa shati lake ulikuwa na doa la rangi hiyo miaka yote, na kila mtu alimwita Tabasamu. Ndiye aliyejitolea kuandika maelezo ya mwalimu, kumpunguzia kazi yule binti mgeni. Saini ya pili ilikuwa yake.

Alimkuta ofisini, akimenya chungwa. Tabasamu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusalimia wafagiaji kwa majina ya watoto wao.

"Dada yangu, karibu. Umekonda. Kesi za wanawake wenzako zinakumaliza."

"Kaka, nahitaji saini yako kwenye fomu ya dawa."

"Naam, mtoto hana kosa." Akaweka ganda la chungwa mezani taratibu. "Nimepita pale dirishani kwako. Yule mama mtandio wake umechafuka."

Sindano akautazama mfuko wa shati lake, wenye doa la njano.

"Mpeleke msalani akaufue. Mtu asikae na uchafu. Akishaufua, mimi niko stoo, kalamu mkononi."

"Na asipoufua?"

"Nina mkutano mpaka saa kumi na moja." Tabasamu akacheka, meno yote nje. "Mkuu wetu yuko angani, simu yake imezimwa, atatua jioni. Umeshajaribu kumpigia, najua. Na simu yako uiache hapa mezani, tusije tukapigana picha."

"Huyo ni mtoto wa miaka sita."

"Ndiyo maana nasema ufanye haraka."

Alitamani kumrukia. Alitamani kupiga kelele zisikike mpaka kwenye njia ya ndege. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Maji yalikuwa yamezidi unga, na aliyeshika kibuyu alikuwa yule yule aliyeyamwaga. Akaiweka simu juu ya meza, kando ya maganda.

Walifuatana mpaka kwenye ukumbi. Tabasamu akaegemea ukuta, kalamu mkononi kama alivyoahidi. Sindano akaingia kwa mwalimu, akasema yote bila kuremba, kwa sababu hakuona haki ya kumfanyia mtu uamuzi wa aina ile.

"Vumbi hilo ndilo linalokutoa. Ukilifua, nabaki na neno lako dhidi ya karatasi yake. Leo utalala mahabusu, na siwezi kukuambia utatoka lini. Inaweza kuwa miaka."

"Na dawa?"

"Dawa inatoka sasa hivi."

"Msala uko wapi?"

"Mama, fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Uko wapi?"

Aliufua kwenye sinki kwa sabuni ya mikono, akisugua pindo kwa vifundo vya vidole kama anafua sare za shule. Maji yakawa na rangi ya limau, kisha yakawa maji tu. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta. Asubuhi alifuta chaki bila kujua anachofanya. Mara hii alijua.

Tabasamu aliupokea mtandio uliolowa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupindua, akarudisha. "Safi kabisa," akasema. Akaongoza njia ya stoo.

Mtunza stoo alisukuma fomu kupitia kitundu cha dirisha. Sindano akatia saini. Tabasamu akaanza kujaza, haraka, mwandiko mzuri, huku akimwuliza mzee habari za mguu wake unaouma.

"Miaka kumi na tisa," akajisifu. "Fomu hii najaza nimefumba macho."

"Fumbua," mzee akasema, akairudisha. "Mstari wa sita upo wazi. Na wa nane."

Tabasamu akacheka, akajaza wa sita, akajaza wa nane, akasaini. Mzee akapitisha kidole juu ya kila mstari, mmoja baada ya mwingine, na Sindano akahisi kila mstari ni dakika ya mtoto. Hatimaye funguo zikalia. Yule mkaguzi mgeni alikuwa ameshasimama mlangoni na ndoo ya barafu kutoka jikoni. Wakabadilisha maji, wakaizungushia chupa taulo, na binti akaondoka mbio kuelekea kwenye gari la forodha, ameikumbatia chupa kifuani.

Saa tisa kasoro dakika tano. Sindano alisikiliza mpaka gari likapita lango.

Kisha akaichukua nakala ya fomu, kwa kuwa ilikuwa haki yake, akaisoma kama alivyozoea kusoma kila karatasi, mpaka mwisho. Mstari wa sita: *Mahali kilipokamatwa.* Ukumbi wa ukaguzi. Mstari wa nane: *Namba ya lebo ya mzigo.*

Ilikuwa imeandikwa. Tarakimu sita, mwandiko mzuri.

Akafungua bahasha aliyokuwa nayo kwapani tangu saa sita. Yule binti mgeni alikuwa amemkabidhi yeye mwenyewe, imefungwa kwa gundi. Humo mlikuwa na pasi ya mwalimu, na ndani ya pasi tiketi, na mgongoni mwa tiketi kile kipande kidogo ambacho watu wa ndege hubandika wakipokea mzigo. Akasoma tarakimu. Akasoma fomu. Akasoma tena tarakimu, kwa kidole, kama mzee.

"Kaka," akaita.

Tabasamu alikuwa ameshafika kwenye kona. Akageuka.

"Namba ya lebo umeitoa wapi?"

"Kwenye begi, wapi tena?"

"Mzee wangu, begi lina lebo?"

Mtunza stoo akafunua daftari lake, akalamba kidole, akatafuta mstari. "Limepokelewa bila lebo. Nimeandika mwenyewe, saa tatu na nusu."

"Na maelezo uliyoyaandika wewe, kaka, yanasema lebo hakuna. Ilitupwa pipani asubuhi. Kipande chake cha pili kilikuwa kwenye bahasha hii, na bahasha nimeifungua sasa hivi, mbele ya mzee." Akaviweka viwili pamoja kwenye ubao wa dirisha. "Tarakimu sita, zile zile. Mabegi mia mbili kwenye mkanda, na wewe ulilazimika kulijua moja. Uliishika namba kichwani kama sala, na haijakutoka."

Tabasamu akatazama karatasi. Kwa mara ya kwanza Sindano aliuona uso wake bila meno, na ulikuwa uso wa mtu wa kawaida, mchovu, mwenye doa la juisi ya chungwa kidevuni.

"Nilikuwa nataka mzee asiirudishe," akasema, kwa sauti ndogo, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

"Nafasi wazi sipokei," mtunza stoo akasema. Akabonyeza kengele ya walinzi, akaiacha ilie.

Saa kumi kasoro dakika tano Sindano alikuwa amekaa tena mbele ya mwalimu. Alikuwa amemwambia kwamba karatasi ya kwanza imefutwa, kwamba maelezo yataandikwa upya, kwamba hatalala mahabusu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Mtandio uliolowa ulikuwa magotini mwake. Simu ilikuwa imelala kwenye sinia, kimya tangu saa tisa, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mtetemo.

Ikatetemeka. Baba yao.

Mwalimu akarudisha mikono nyuma. "Pokea wewe, dada. Mimi siwezi."

Sindano akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

"Mama Kitinda?" Sauti ya mwanamume, imekauka. "Uko wapi? Wamekufanyeje?"

"Nipo. Sema mtoto."

"Dawa imefika. Vichupa vinne vimekufa, vidoa vimefanana na duara kabisa. Daktari amevimwaga. Viwili amesema bado. Kimoja kimeshaingia, sasa hivi, naona kwa macho yangu."

"Viwili vinatosha?"

"Vinatosha mpaka kesho jioni. Daktari anasema damu imeanza kuganda. Lakini isipopatikana nyingine mpaka kesho jioni... Usiogope. Nimeshampigia mdogo wangu. Nimemwambia nyingine zimeharibika njiani. Hakubisha hata kidogo. Anazinunua usiku huu na anapanda ndege ya asubuhi, anazileta mwenyewe. Mungu ambariki, damu ni damu."

Mwalimu alikuwa anamtazama Sindano, na Sindano alikuwa na kalamu mkononi, ameandika nusu ya jina la shemeji kwenye hati ya kukamatwa.

Mwanamke akaifunika simu kwa mtandio uliolowa.

"Dada," akanong'ona. "Mngoje mpaka afike kesho na dawa. Nakuomba."

Sindano akamalizia jina la shemeji. Kisha akaandika, chini ya jina, namba ya ndege ya asubuhi.

"Dawa itapita kwanza," akasema. "Halafu begi lake nitalifungua mwenyewe."